Saa ya Wawahi

Ipo nchi moja, msiniulize iko upande gani wa ramani maana nami nina watoto wa kulea, ambayo serikali yake inawapenda wananchi kupita kiasi. Wananchi wakilia njaa, serikali hulia pamoja nao, tena kwa sauti kubwa zaidi na kwenye redio. Wakiomba maji, huletewa wimbo kuhusu maji. Sijapata kuona mapenzi ya namna hiyo mahali pengine, na wenzangu waliotembea sana wananiambia nao hawajayaona.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mto, na daraja la mto huo lilisombwa mwaka wa mafuriko. Serikali ikatafuta fedha za daraja jipya na ikazipata. Lakini kabla mwashi hajashika mwiko, Wizara ya Furaha ilitoa hoja ambayo hakuna aliyeweza kuijibu. Daraja, ilisema Wizara, humpeleka mtu ng'ambo tu, na likishamfikisha halina jingine la kumfanyia. Gurudumu kubwa la kubembea humpeleka mtu juu, na akiwa juu ataiona ng'ambo yote bila kulowanisha miguu. Basi likajengwa gurudumu. Pembeni yake wakaongeza treni ya kuzunguka, farasi wa mbao na jumba la vioo vinavyomnenepesha mtu, ambalo lilipendwa sana mwaka ule wa ukame. Pote pakaitwa Bustani ya Furaha ya Taifa.

Watu walimiminika. Hapo ndipo ilipogundulika kasoro: waheshimiwa walikuwa wanapanga foleni moja na wauza karanga. Wizara ikakaa vikao, ikala vitafunio, ikatoka na Saa ya Wawahi. Lango la Bustani lilikuwa linafunguliwa saa tatu asubuhi, kama lilivyoandikwa juu yake kwa rangi nyekundu. Mwenye tiketi ya Mapema yeye angeingia saa kumi na mbili, jogoo akiwa bado anajinyoosha, abembee peke yake kwa nafasi. Aliyeingia kwa tiketi hiyo aliitwa Mwahi na kubandikwa kitambaa cha buluu kifuani. Aliyefika saa tatu kamili, yaani saa ile ile iliyoandikwa langoni, aliitwa Mchelewaji.

Magazeti yalithubutu kuuliza kama hiyo Saa ya Wawahi ina faida yoyote. Wizara haikukasirika. Ilituma maofisa wake wakawaulize Wawahi wenyewe, kila mmoja mbele ya mkuu wake wa kazi, na wote wakasema ina faida. Mmoja alisema ina faida mno, na kesho yake akapandishwa cheo. Toka siku hiyo swali likabaki kuwa la kuulizwa kila siku langoni, kwa sababu jibu lake lilikuwa linapendeza kusikika.

*

Bwana Mihayo alikuwa mtumishi wa Wizara hiyo hiyo, katika Kitengo cha Kutambua Wageni. Kazi yake ilikuwa kusimama kabla ya hotuba na kuwataja waliohudhuria, kwa vyeo vyao, kuanzia mkubwa hadi mdogo, bila kumruka mtu, kisha kufunga kwa maneno mawili: itifaki imezingatiwa. Kabla ya maneno hayo mawili hakuna kilichoruhusiwa kuanza katika nchi ile. Hotuba haikuanza, soda hazikufunguliwa, na kuna harusi moja ambapo mtambuzi wa wageni alizimia kabla ya kuyatamka, na mpaka leo wanasheria hawajakubaliana kama wale wawili ni mke na mume.

Hakuwa mtu mbaya, Mihayo. Alijaliwa sauti nzuri na uti wa mgongo laini, vitu viwili ambavyo vikikutana kwa mtu mmoja katika utumishi wa umma humfikisha mbali. Aliamini kila alichokisoma kwenye kipaza sauti. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kimoja tu, macho ya mama yake.

Bi Nyamizi, mama yake, alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kila mwezi pazia lilizidi kushuka. Mihayo alimpeleka hospitali ya wilaya, na daktari akawapa habari njema: mashine ya macho imekwishafika, mpya kabisa. Akawaonyesha chumba ilimokaa. Ilikuwa imezungushiwa utepe mwekundu, na juu yake kumewekwa mkasi kwenye mto wa hariri.

"Inasubiri nini?" Bi Nyamizi akauliza.

"Mgeni rasmi, mama. Haijazinduliwa."

"Na huyo mgeni ni nani?"

"Bado hajateuliwa."

"Sasa mimi nifanyeje, daktari?"

Daktari akafikiri, maana alikuwa kijana mwenye huruma. "Yatumie kidogo kidogo, mama. Usiyamalize."

Basi Bi Nyamizi akaanza kubana matumizi ya macho yake. Mchana aliyafumba, chakula alikipapasa. Alikuwa anayaweka akiba kwa ajili ya kitu kimoja, na hicho hakukificha. Alitaka kukiona kijiji cha Ilolwa, ng'ambo ya mto, alikozaliwa, na paa la nyumba ya mdogo wake Kalunde. Hawakuwa wameonana tangu daraja liondoke. Siku ya kuagana walinunua doti moja ya kanga nyekundu, wakaikata katikati, huyu akachukua kipande chake na yule chake. Cha Nyamizi ndicho alichokuwa akijifunga kichwani kila siku, mpaka wajukuu wakadhani kimeota pale.

"Mihayo," alimwambia mwanawe jioni moja, "hilo gurudumu lenu linaona mpaka Ilolwa?"

"Linaona mpaka nchi jirani, Mama. Ila kule haturuhusiwi kuangalia."

"Mimi ya jirani siitaki. Nipeleke nikaione kanga ya Kalunde."

Wakampigia simu Kalunde. Kalunde akalia kwanza, kisha akacheka, kisha akaweka mipango. Jumamosi ataianika kanga yake juu ya bati tangu alfajiri, dada yake aione. "Lakini saa tatu naishusha, dada, usininunie. Jumamosi ni gulio, lazima niende, na Ilolwa ya sasa siyo ile unayoijua. Kitu kizuri hakiachwi nje bila mwenyewe."

"Saa tatu si ndiyo lango linafunguliwa?" Bi Nyamizi akamgeukia mwanawe, uso umemsawijika kwa wasiwasi.

Mihayo akatabasamu tabasamu la mtu aliye ndani ya mfumo. "Mama, sisi tutaingia saa kumi na mbili. Mkuu wangu amenipa nafasi mbili za Wawahi, sharti niwatambue wageni siku hiyo. Saa moja umeshapanda, umeshaona, umeshashuka, unakunywa chai."

*

Jumamosi wakawasili, jua halijachomoza. Wakabandikwa vitambaa vya buluu. Bi Nyamizi alikuwa amevaa kama anakwenda kwenye harusi, na njia nzima alikuwa amefumba macho, ameshikilia mkono wa mwanawe, ili asiyachoshe kwa kuangalia barabara.

"Tumefika kwenye gurudumu?" akauliza.

"Tumefika kwenye turubai, Mama."

Kweli lilikuwa turubai, pana, lenye viti vyeupe vilivyovalishwa magauni, na meza kuu yenye maua ya plastiki. Wawahi walikuwa wamejaa humo, na kila mmoja ameketi. Gurudumu lilikuwa kimya, treni ilikuwa kimya, na farasi wa mbao walikuwa wamefunikwa maturubai yao. Mbele ya turubai kulikuwa na kamba, na nyuma ya kamba wasimamizi wenye filimbi.

Mihayo ilimbidi amweleze mama yake jambo ambalo kwake yeye lilikuwa dogo. Saa ya kawaida ilizinduliwa mara moja tu, siku Bustani ilipofunguliwa, na mtu ambaye sasa ni marehemu, kwa hiyo inajiendea yenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Saa ya Wawahi ni upendeleo. Upendeleo ni lazima uwe na mtoaji, na mtoaji ni lazima ashukuriwe. Kwa hiyo kila siku Saa ya Wawahi huzinduliwa upya na mgeni rasmi, ambaye hubonyeza kitufe kwenye meza kuu na mashine zikaanza.

"Na mgeni wa leo yuko wapi?"

"Mheshimiwa Waziri mwenyewe, Mama! Tuna bahati. Yuko njiani."

"Njiani anatokea wapi?"

Hapo Mihayo akacheka kwa upole. Mgeni rasmi katika nchi ile hatangulii kufika. Akiwahi, watu huulizana kama ameachishwa kazi. Ni lazima awakute watu wamekaa, wamechoka kidogo, na watoto wawili watatu wamelia, ndipo kuwasili kwake kunakuwa na maana. Hayo yote yalikuwa kwenye mwongozo, na sehemu ya mwongozo huo aliiandika Mihayo mwenyewe.

Wakasubiri. Kikaja kikundi cha ngoma, kikacheza, kikachoka, kikakaa. Ikaja kwaya ya watumishi wa Wizara ikaimba wimbo wa kuwahi wenye beti nyingi. Mshereheshaji akatangaza kwamba Mheshimiwa ameshatoka nyumbani. Baadaye akatangaza kwamba ile taarifa ya kwanza ilikuwa ya kutoka chumbani. Jua likapanda. Bi Nyamizi aliketi wima, macho ameyafumba, midomo inachezacheza. Kila baada ya muda alimuuliza mwanawe ni saa ngapi, na Mihayo alimjibu kwa sauti inayopungua.

Saa tatu ilipogonga, lango kubwa likafunguliwa. Hakuna aliyepiga hotuba. Wachelewaji wakaingia na vifurushi vyao na watoto wao mgongoni, fundi wa gurudumu akavuta mkono wa mtambo, gurudumu likaanza kuzunguka. Mama mmoja muuza karanga akapanda na sinia lake, akazunguka, akashuka, akaona ni pazuri, akapanda tena.

Wawahi wakageuza shingo kuangalia, kisha wakazirudisha. Kugeuza shingo hakukuwa kosa, lakini kulikuwa karibu na kosa.

Bi Nyamizi alifumbua macho. "Wale wanaobembea ni kina nani?"

"Wachelewaji, Mama."

"Na sisi?"

"Sisi ni Wawahi."

"Aa," Bi Nyamizi akasema. "Twende nasi tukachelewe, mwanangu."

Mihayo akahisi jasho la kwapa likimteremka. Kutoka chini ya turubai kabla mgeni rasmi hajafika kulikuwa na jina lake kisheria: kumkimbia kiongozi asiyekuwepo. Mtumishi wa umma aliyefanya hivyo unga wake ulimwagika siku hiyo hiyo. Aliangalia kamba, akaangalia filimbi, akamwangalia mkuu wake wa kitengo aliyekaa mstari wa mbele amekumbatia tumbo. Halafu akamwangalia mama yake. Aliona aibu, na bado hakuinuka.

"Vumilia kidogo, Mama. Anakuja sasa hivi."

Bi Nyamizi hakumlaumu. Alibandua kile kitambaa cha buluu kifuani mwake taratibu, akakiweka kiganjani mwa mwanawe na kukifumba, kama mtu anayemwachia mtoto hela ya sukari. "Mimi nakwenda msalani," akasema.

Wasimamizi walimpisha. Mwongozo haukuwa umefikiria kwamba mwanamke mzee anaweza kusema uongo.

*

Mihayo alimwona akipita msalani bila hata kugeuka. Alimwona anapapasa foleni ya Wachelewaji, na foleni yenyewe ilikuwa fupi, maana watu wote wenye haraka walikuwa chini ya turubai. Fundi wa gurudumu, kijana anayeitwa Kazumari, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kikapu na kumfungia komeo. Gurudumu likampandisha, kanga nyekundu kichwani, mpaka akafika kileleni kabisa.

Papo hapo ving'ora vikalia. Waziri alikuwa amewasili.

Mheshimiwa Profesa Balozi Ngwandu, Waziri wa Furaha, aliteremka kwenye gari lake kwa hatua za mtu anayejua kwamba anatazamwa. Akatazama turubai, akaridhika. Akatazama gurudumu, akakunja uso.

"Kwa nini linazunguka?"

Mkuu wa kitengo akasimama haraka. "Ni Wachelewaji, Mheshimiwa. Saa yao imefika."

"Nami nimekuja kuanzisha nini? Naweza kuanzisha kitu kinachokwenda?"

Hoja ilikuwa nzito. Filimbi zikapulizwa, Kazumari akarudisha mkono wa mtambo, na gurudumu likasimama likiwa limebeba waliokuwemo. Walio chini walishushwa. Walio juu walibaki juu, na juu kuliko wote alikuwa Bi Nyamizi.

"Mashine zote zimesimama, Mheshimiwa," mkuu akasema. "Mtambuzi wetu akishatambua wageni tu, utabonyeza kitufe." Akampungia Mihayo mkono aende kwenye kipaza sauti, tena haraka, Mheshimiwa ana njaa.

Mihayo akasimama. Karatasi yake ilikuwa tayari, na kwa mwendo wake wa kawaida angeimaliza kabla chai haijapoa. Akainua macho juu ya vichwa vya watu. Kule kileleni mama yake alikuwa ameweka simu sikioni. Na simu ya Mihayo, ndani ya koti, ikatetemeka.

Kupokea simu mbele ya Waziri ni kujimaliza. Mihayo akaipokea. "Itifaki," akaueleza umati kwa sauti nzito, na umati ukaelewa.

"Mihayo," sauti ya mama yake ilikuwa inakatika kwa upepo. "Paa nimelipata, ninaliona linang'aa, lakini kanga haipo. Kalunde ameshaishusha. Nimempata kwenye simu, yuko njia ya gulioni, anarudi mbio. Wasinizungushe, baba. Wazuie."

"Nimekuelewa, Mheshimiwa," Mihayo akajibu, akaiweka simu mfukoni.

Kisha akaikunja ile karatasi.

*

Alianza na Waziri, kwa vyeo vyake vyote, pamoja na vile alivyowahi kukaimu. Akaenda kwa Naibu Waziri ambaye hakuwepo, akamtambua kwa kutokuwepo kwake. Akawatambua makatibu, wakurugenzi, wakurugenzi wasaidizi, na wasaidizi wa wasaidizi, kila mmoja kwa jina la ukoo na wilaya alikotoka. Makofi yalipigwa kila mahali panapostahili. Mheshimiwa aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu kila alipotajwa, na Mihayo alihakikisha anatajwa.

Juu kule mama yake hakusogea. Alikuwa ameinama mbele kama anayechungulia ndani ya chungu.

Mihayo akawatambua viongozi wastaafu, na wajane wao, na wanaotarajia kustaafu. Akawatambua wadhamini wa turubai, na akalitambua turubai. Akatambua viti, "ambavyo bila hivyo, ndugu wananchi, tungekuwa tumesimama." Kwaya ikashangilia, ikadhani ni utani wa kiserikali. Mkuu wa kitengo akaanza kuonyesha saa yake ya mkono. Mihayo akamgeukia kwa bashasha.

"Na hapa, Mheshimiwa, kuna mtu nilimpunguzia heshima yake. Nilimtaja kama mkuu wa kitengo, kumbe ni mkuu wa kitengo, mlezi, mshauri, na nguzo." Makofi yakavuma. Mkuu ikabidi ainame kushukuru, na akishashukuru hawezi tena kulalamika.

Hapo ndipo Mihayo alipoitambua nguvu aliyokuwa nayo miaka yote bila kujua. Katika nchi ile hakuna awezaye kumkatiza anayetambua wageni, kwa sababu anayemkatiza ataonekana hataki mwenzake atambuliwe. Mkuu wa polisi alipoinuka, Mihayo alimtambua upya pamoja na farasi wake. Mpambe wa Waziri alipojongea kumnong'oneza, alitambuliwa yeye na mama yake mzazi, akarudi nyuma akifuta machozi. Waziri mwenyewe alipokohoa, Mihayo alikitambua kikohozi.

Roho yake ilikuwa mkononi. Alijua kabisa kwamba kazi imekwenda. Sauti yake ile nzuri ilikuwa inakwaruza, na maji ya mezani yalikuwa ya Waziri. Akawatambua waliokufa. Akawatambua watakaozaliwa, "hasa wale watakaoingia kwa Saa ya Wawahi." Alipokosa mtu akawatambua wajenzi wa lile daraja la zamani, kila aliyebeba jiwe, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile makofi yakatoka upande wa Wachelewaji, mazito, ya mikono yenye sugu.

"Na ng'ambo ya mto," Mihayo akasema, na sasa hakuwa anaigiza kitu, "namtambua mama yangu mdogo, Bi Kalunde wa Ilolwa, ambaye wakati huu anapanda kilima mbio, na mguu wake mmoja ni mbovu. Ndugu wananchi, naomba tumpigie makofi afike."

Watu wakapiga makofi. Hawakujua ni nani, lakini walikuwa wameshazoea kupiga, na makofi yakaendelea.

Kileleni, Bi Nyamizi akasimama ndani ya kikapu. Kazumari akapiga kelele akae chini. Hakukaa. Akaifungua kanga kichwani, mvi zake zikaonekana na dunia nzima, akaipeperusha kwa mikono miwili kuelekea ng'ambo, huku na huku, kama mwanamke anayepunga kwenye harusi ya mwanawe.

Mihayo alimngoja mpaka aketi mwenyewe.

"Itifaki imezingatiwa," akasema.

*

Mheshimiwa Waziri alibonyeza kitufe akiwa amechoka kiasi kwamba hakuhutubia. Gurudumu likazunguka, Bi Nyamizi akashuka, na chini akakutana na ofisa wa Wizara na kipaza sauti chake, na nyuma yake televisheni ya taifa.

"Mama, wananchi wanataka kujua. Je, Saa ya Wawahi ina faida?"

Bi Nyamizi alikuwa bado anahema. "Ina faida kubwa, mwanangu," akasema. "Wasingewahi wale na kukaa pale chini ya turubai, leo nani angenisimamishia gurudumu?"

Ofisa hakuelewa, lakini alisikia neno faida na neno kubwa, akashukuru. Jibu hilo lilichapwa kwenye mabango, likatundikwa nchi nzima. Mwezi haukuisha, Wizara ikaanzisha tiketi mpya ya Saa ya Kukwama, kwa wale wanaopenda kusimamishwa kileleni wakati wa hotuba, na mahitaji yalikuwa makubwa hivi kwamba walioinunua walipangiwa foleni ya kuingia mapema.

Na Mihayo? Mihayo alikwenda ofisini Jumatatu akiwa amebeba vitu vyake kwenye mfuko wa rambo, tayari kufukuzwa. Akakuta zulia limetandikwa. Kumbe Waziri alikuwa hajapata kutambuliwa kwa kina namna ile tangu azaliwe, na alikuwa amelala siku mbili akijisikiliza. Mihayo akavishwa Nishani ya Itifaki, Daraja la Tatu. Mwenye nishani hiyo, kwa mujibu wa sheria, anaruhusiwa yeye mwenyewe kuwa mgeni rasmi wa vitu visivyozidi ukubwa wa kabati.

Mihayo aliuliza mashine ya macho ina ukubwa gani.

Siku ya uzinduzi alifika hospitali ya wilaya asubuhi na mapema, amemshika mama yake mkono. Mganga mkuu akamrudisha mlangoni kwa hofu. "Mzee, utatutia aibu! Mgeni rasmi hawahi. Watu hata kukaa hawajakaa." Basi Mihayo akaenda kuketi nyuma ya jiko la hospitali, na nishani yake kifuani, akiwatazama wapishi wakichambua mchele, mpaka wakubwa waliporidhika kwamba ameshachelewa vya kutosha.

Alipoitwa, wagonjwa walikuwa wamepangwa kwenye viti vilivyovalishwa magauni, na meza kuu ilikuwa imejaa. Mshereheshaji alimkabidhi kipaza sauti, akakaa chini, akanyoosha miguu kabisa, akijua kilichoko mbele yao. Mihayo alikitazama kipaza sauti. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa ameketi mbele ya wote na macho ameyafumba, akiyatunza yaliyobaki.

"Itifaki imezingatiwa," akasema, akakata utepe.

Nishani alinyang'anywa kabla mwezi haujaandama, kwa kosa la ufupi. Walikuja kumvua nyumbani kwake, mbele ya familia, kama sheria inavyotaka. Bi Nyamizi alikuwepo, ameketi kizingitini na kanga yake kichwani, na aliona kila kitu vizuri kabisa, hadi kutu iliyokuwa kwenye pini.